Barua ya Shukrani kwa Aliyemuuguza Mzee Wenu

Katika pwani ya Kenya, kuanzia Mtwapa hadi Mambrui, mzee akiugua muda mrefu mara nyingi hauguzwi na wanawe peke yao. Watoto wako Nairobi, Mombasa au Doha. Anayelala chumba kimoja na mgonjwa ni dada aliyetoka Ganze au Kaloleni, au kijana wa Magarini mwenye nguvu za kumnyanyua mtu mzima kitandani. Malindi kuna pia Waitaliano waliozeekea hapa, na saa za dawa zao anazijua mama anayekuja kila asubuhi kwa tuktuk kutoka Muyeye kuliko wanavyozijua watoto wao walio ng'ambo.

Kazi hiyo huja ikaisha. Mzee amefariki, au amehamishiwa kwa mwanawe, au mwuguzaji mwenyewe ameitwa na mambo ya kwao. Watu hupeana mikono, asante ikasemwa, na bahasha ikipita huwa ni ya pesa. Mimi nashauri iweko na ya pili yenye barua, na sababu yangu ni hii. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 51, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi: majina, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, aina ya kazi na mahali ilipofanyiwa. Kifungu hicho hicho kinasema mwajiri halazimiki kuandika chochote kuhusu tabia ya mfanyakazi wala utendaji wake. Kwa hiyo cheti kitathibitisha kwamba mtu huyu alikuwapo. Kwamba alimgeuza mgonjwa usiku kucha asipate vidonda vya kulalia, hakitasema. Hilo litaandikwa na nyinyi au halitaandikwa na mtu.

Hatua ya 1: Malizeni hesabu kwanza

Barua tamu juu ya mshahara usiolipwa inaumiza kuliko kukosa barua. Kaeni na mwuguzaji mpige hesabu pamoja kabla ya kushika kalamu. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku 28 au malipo badala yake. Likizo ni siku 21 za kazi kwa mwaka, na zile ambazo hakuzichukua zinalipwa. Kama hakuwa akichangiwa katika mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ana malipo ya utumishi kwa kila mwaka aliofanya kazi. Cheti ni haki ya kila aliyefanya kazi wiki 4 mfululizo au zaidi.

Ikiwa mwajiri alikuwa marehemu mwenyewe, haya ni madeni yake, na kwa Waislamu deni la marehemu hulipwa kabla mirathi haijagawanywa. Msimwache mtu aliyemsitiri mzee wenu akangoja hadi ndugu wapatane kuhusu shamba.

Hatua ya 2: Waulizeni walioona

Hapa ndipo barua inapopatikana au inapopotea, basi msiharakishe. Mara nyingi anayeandika ni mtoto mkubwa, na huyo ndiye aliyekuwa mbali. Ampigie simu dada aliyekuwa akija Jumapili. Amuulize jirani. Mgonjwa akiwa hai na anaweza kusema, aulizwe yeye kwanza. Maswali yawe ya mambo yaliyotendeka: ni nani aliyeona mapema kwamba mguu umevimba? Mgonjwa alipokataa kula, alikubali mkono wa nani? Usiku akiita, aliita jina gani?

Chagueni mambo mawili au matatu kati ya mtakayosikia. "Ulimtunza mama vizuri sana, Mungu akubariki" ni sentensi njema, lakini inaweza kuandikiwa yeyote. Iwekeni kando ya hii: "Mama alipotoka hospitali akawa hataki chakula, wewe ndiwe uliyegundua kwamba uji mwepesi wenye ndimu unapita. Ulimnywesha kijiko baada ya kijiko, ukingoja ameze." Au hii: "Siku za kaskazi, stima zilipopotea usiku, ulikaa ukimpepea hadi alfajiri." Mwuguzaji akisoma maneno hayo anajiona mwenyewe. Na mgeni anayetafuta mtu wa kumuuguza babake akiyasoma, anaamini.

Kuna kazi za mwili ambazo ndizo nzito kuliko zote: kumwogesha mgonjwa, kumbadilisha, kumsafisha. Zisiachwe kana kwamba hazikufanyika, lakini barua hii itapita mikononi mwa watu wengine, na mgonjwa ana heshima yake. Andikeni "ulimsitiri baba yetu". Kila mtu wa pwani ataelewa kilichobebwa na neno hilo. Jina la ugonjwa lisitajwe kabisa.

Hatua ya 3: Mwiteni kwa jina lake

Juu ya barua andikeni jina lake kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, kwa sababu karatasi hii huenda ikamtafutia kazi. Kwenye salamu tumieni jina mlilokuwa mkimwita nyumbani. Mwanamke mwenye watoto aitwe kwa jina la mwanawe, kama Wagiriama walivyomwita shujaa wao Mekatilili wa Menza, mama yake Katilili. Kama nyanya alikuwa akimwita "mwanangu", litajeni hilo ndani ya barua. "Msichana wa kazi" kwa mama wa watoto wanne ni kumvunjia heshima, hata kama ndivyo mlivyozoea kusema mbele ya wageni.

Lugha iwe ile mliyokuwa mkizungumza naye. Ikiwa ni Kigiriama, andikeni Kigiriama. Familia ya Kiitaliano iandike kwa Kiitaliano, kwa kuwa ndipo moyo wao ulipo, kisha mtu awatafsirie kwa Kiswahili na kurasa zote mbili zitiwe bahasha moja.

Hatua ya 4: Andikeni, ukurasa mmoja unatosha

Wekeni kando mtindo wa insha za shuleni wa "madhumuni ya barua hii". Anzeni na salamu, mseme nyinyi ni nani, alikuja lini na hali ilikuwaje, alifanya nini, kisha radhi na buriani. Kwa mfano:

"Dada yetu,

Salamu nyingi. Tunakuandikia sisi watoto wa mzee, sote, pamoja na mama.

Ulikuja kwetu Machi 2022, baba akiwa hawezi kusimama. Tangu siku hiyo wewe ndiwe uliyemgeuza kila usiku, na daktari alipomwona mgongo hauna kidonda hata kimoja, aliuliza ni nani anayemuuguza. Ulijua kwamba hapendi kunyolewa na mtu mwingine. Ulimtajia kila aliyepiga simu kumjulia hali, asijione amesahauliwa. Sisi tulikuwa mbali, wewe ulikuwa naye.

Kama tulikutamkia neno likakuuma, au tulichelewa kukupa chako, tuwie radhi. Nasi hatuna kinyongo nawe, tuko radhi nawe. Baba aliondoka akiwa msafi na ametulia, na hiyo ni kazi ya mikono yako."

Chini yake majina yenu, sahihi, tarehe na namba ya simu.

Radhi hiyo msiiruke. Watu walioishi nyumba moja na mgonjwa hukwaruzana: usingizi haupo, hofu ipo, maneno makali hutoka. Huku kwetu watu wakiagana huombana radhi, na mwenye kuanza anapaswa kuwa yule aliyekuwa akitoa amri.

Mambo mawili yasiingie katika barua. La kwanza ni ahadi ambayo haijapangiwa fedha, kama vile kumsomeshea mtoto. La pili ni "wewe ni wa nyumbani", isipokuwa kama mlimkalisha mezani na kumpa siku zake za mapumziko. Wauguzaji wengi wamelisikia neno hilo kila walipoombwa wafanye kazi Jumapili bila malipo.

Hatua ya 5: Mkabidhini mkiwa mmeketi

Siku ya mazishi haifai, wala katikati ya matanga, watu wakiwa wamejaa na yeye mwenyewe yuko jikoni anapika. Ngojeni wageni wapungue. Mwekeeni kiti sebuleni, mtu mkubwa wa nyumba asome barua yote kwa sauti, kisha apewe. Kama hasomi, kusomewa huko ndiko barua yenyewe, na mnaweza kurekodi sauti mkamtumia kwa WhatsApp ili aisikize tena kwao. Unyevu wa pwani unaharibu karatasi upesi, kwa hiyo itieni kwenye mfuko wa plastiki, na mpige picha ibaki kwenye simu yake. Cheti cha utumishi kiwe karatasi yake peke yake.

Mkitaka kumpa leso, someni maandishi yake kabla ya kulipa. Leso hununuliwa haraka kwa kupendeza rangi, na maandishi yakawa ya mafumbo ya wake wenza.

Hatua ya 6: Shikeni simu

Miezi kadhaa baadaye namba ngeni itapiga. Ni mtu wa Watamu au Vipingo mwenye mama mgonjwa, ameonyeshwa barua yenu. Semeni yale yale mliyoandika, kwa mifano ile ile. Akiuliza mzee wenu aliugua nini, mwambieni kwa upole kwamba hilo ni la familia. Na kama mwuguzaji anakwenda Ghuba kupitia wakala, mkumbusheni ampe wakala nakala. Barua yenyewe aiache kwao, kwa mtu anayemwamini.