Haki ya Njia: Nani Aanze Salamu?

Ndugu zetu walioko Huruma, Nairobi, wametuuliza: mpanda baiskeli na mwenda kwa miguu wakikutana kichochoroni, ni nani ampishe mwenziwe?

Jawabu limo katika Hadithi aliyoipokea Abu Huraira: aliyepanda ndiye amwanziaye salamu aendaye kwa miguu. Wanavyuoni wameeleza kuwa huko ni kumkinga na kiburi, maana yuko juu. Basi kengele si salamu! Twaisikia ikipigwa kati ya mitaro na mbuzi wa Kiamaiko, kama mtu afukuzaye kuku. Penye watu wengi apunguze mwendo, au ashuke aikokote. Na aendaye kwa miguu naye asisimame katikati kupiga soga. Njia ina haki yake.

Wengine hutoa udhuru kuwa wanaiwahi jamaa msikitini. Haufai. Mtume (S.A.W.) ametukataza kuiendea Sala kwa mbio hata ikiwa imekwisha kukimiwa, bali twende kwa utulivu, na kilichotupita tukitimize.

Na akimgonga mtu? Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, aliyepanda mnyama hudhamini anachokiharibu mnyama huyo. Baiskeli haina hata macho ya kumwona mtoto. Dhamana yake i wazi zaidi juu ya mpandaji, ijapokuwa hakukusudia.