Mvinyo Mwekundu kwa Chakula cha Kichina

Kuna wanaoshikilia kwamba chakula cha Kichina kinataka mvinyo mweupe tu. Wasikutishe. Mwekundu unaingia vizuri, mradi uache ule mzito wa kushushia nyama choma.

1. Chagulia meza nzima. Kwa Wachina samaki, mboga, nyama na tofu huwekwa pamoja katikati, kila mtu akachota. Kutafutia kila chakula mvinyo wake ni kujichosha bure. Chukua mmoja mwepesi wenye ladha ya matunda, kama Pinot Noir au Gamay ya Beaujolais.

2. Bata wa Beijing ni wa Pinot Noir, na hapa sipokei ubishi. Ngozi imekaukiana, nyama ina mafuta, kisha kuna sosi tamu na majani ya vitunguu ndani ya kichapati chembamba. Uchachu wa Pinot hukata mafuta hayo, na ladha yake ya cheri haigombani na utamu wa sosi.

3. Poza chupa. Nusu saa kwenye friji yatosha.

4. Iheshimu pilipili ya Sichuan. Alkoholi huchochea ukali wake, na tanini, ule ukakasi unaokausha ulimi, huuzidishia uchungu. Cabernet Sauvignon ya asilimia 14.5 juu ya mapo tofu, ile tofu yenye pilipili hiyo, ni adhabu. Tafuta mvinyo wa asilimia 12 hivi, tena usiokaa sana kwenye mapipa ya mwaloni. Midomo ikishaanza kufa ganzi, agiza bia, si aibu.

5. Nyama ya nguruwe iliyochemka taratibu kwa sosi ya soya na sukari inataka mvinyo laini wenye matunda mengi. Grenache itakufaa.

6. Mzito nao una siku yake. Kondoo wa Xinjiang, aliyekaangwa kwa bizari nyembamba na pilipili kidogo, anaimudu Syrah.

7. Onja mvinyo wa China yenyewe. Kampuni ya Changyu ilianzishwa Yantai mwaka 1892, lakini mimi ningeanzia Ningxia, chini ya milima ya Helan, ambako baridi ni kali hata wakulima huifukia mizabibu udongoni kila msimu wa baridi na kuifukua masika. Kazi hiyo hupandisha bei. Ukiukuta mvinyo huo kwenye orodha ya mgahawa, agiza walau glasi moja.