Kabla ya Kupuliza: Maandalizi ya Kipimo cha Pumzi cha Bakteria wa Utumbo

Vipimo vingi vya hospitali havimdai mgonjwa zaidi ya kufika na kusubiri zamu yake. Kipimo cha pumzi hakiko hivyo. Usahihi wake hutegemea sana yale yaliyofanyika nyumbani, jikoni na katika kabati la dawa, siku na wiki kadhaa kabla ya kipimo chenyewe. Aliyekosea maandalizi hulipa gharama ile ile, hukaa saa zile zile, kisha huondoka na jibu ambalo huenda si la kweli. Tumeandaa somo hili ili msomaji asipoteze fedha zake wala kutibiwa maradhi asiyo nayo.

Kipimo hiki hupima nini?

Kwa kawaida bakteria wengi wa tumboni huishi katika utumbo mpana, na utumbo mwembamba huwa na wachache tu. Wakizidi katika utumbo mwembamba, huanza kuchachusha chakula kabla mwili haujakifyonza. Ndipo mtu hujaa gesi, huumwa tumbo, huharisha au hata kupungua uzito.

Seli za mwili wa binadamu hazitengenezi gesi ya haidrojeni. Gesi hiyo hutokana na bakteria. Sehemu yake huingia katika damu, hufika mapafuni na kutoka pamoja na pumzi. Kwa sababu hiyo mgonjwa hupuliza mara ya kwanza, hunywa maji yaliyochanganywa na sukari maalumu, kisha hupuliza tena kila baada ya dakika 15 hadi 20 kwa muda wa saa mbili hadi tatu. Sukari hiyo mara nyingi huwa gramu 75 za glukosi au gramu 10 za laktulosi.

Usichanganye vipimo viwili

Kuna kipimo kingine cha pumzi, ambacho hutafuta bakteria aitwaye Helicobacter pylori, anayesababisha vidonda vya tumbo. Hicho hutumia urea, na huchukua muda mfupi zaidi. Maandalizi yake pia ni tofauti: kwa kawaida mgonjwa huagizwa kuacha omeprazo na dawa za jamii yake kwa wiki mbili. Kwa kipimo cha haidrojeni, mwongozo uliotolewa na wataalamu wa Amerika Kaskazini mwaka 2017 hauoni ulazima wa kuziacha. Basi usifuate maagizo aliyopewa jirani yako kabla ya kuhakikisha kwamba kipimo chenu ni kimoja.

Wiki nne kabla

Usitumie antibiotiki. Hapa ndipo wengi hukosea bila kujua. Tumbo likisumbua, mtu hukimbilia duka la dawa na kununua metronidazo, ambayo wengi huijua kwa jina la Flagyl, wala haihesabu kuwa dawa kubwa. Dawa hiyo hupunguza bakteria kwa muda, kipimo kikaonyesha kwamba hakuna tatizo, na mgonjwa akarudi nyumbani na maradhi yake. Ikiwa ulimeza antibiotiki yoyote ndani ya wiki nne, hata vidonge viwili, mwambie daktari. Mweleze pia kama ulisafishwa utumbo kwa ajili ya uchunguzi mwingine.

Lakini ikiwa daktari amekuandikia antibiotiki kwa maradhi yanayohitaji tiba sasa, maliza dozi yako. Kitakachosogezwa mbele ni kipimo.

Wiki moja kabla

Dawa za kulainisha choo na zile za kuharakisha mwendo wa utumbo huachwa, kama daktari ataona unaweza kuvumilia. Dawa za shinikizo la damu, moyo, kifafa na kisukari usiziache wala kuzibadilisha kwa uamuzi wako mwenyewe. Mwenye kisukari azungumze na daktari mapema, kwa kuwa atafunga kula na pengine kunywa glukosi nyingi kwa mara moja.

Siku moja kabla

Epuka vyakula vinavyowapa bakteria cha kuchachusha: maharage, kunde, dengu na mbaazi, maziwa, matunda, kabeji na mboga nyingine, vitunguu vya aina zote, chapati, mkate na nafaka zisizokobolewa. Vituo vingi huruhusu wali mweupe, mayai, na samaki au kuku aliyechemshwa au kuchomwa kwa chumvi tu. Wali huo usiwe wa nazi wala pilau. Kwa yule aliyezoea mchuzi wenye kitunguu chakula hiki kitapooza, lakini ni siku moja tu.

Baada ya mlo wa jioni, usile tena kwa saa 8 hadi 12. Maji matupu kwa kawaida huruhusiwa.

Asubuhi ya kipimo

Usivute sigara, usifanye mazoezi mazito, wala usitafune pipi au ubani. Piga mswaki kabla ya kuondoka, kwa sababu mdomoni nako kuna bakteria. Ukiwa kituoni, keti kwa utulivu na usilale hadi kipimo kimalizike. Laktulosi yaweza kuleta gesi na kuharisha, kwa hiyo usipange safari ndefu ya basi mara baada ya kipimo. Anayefunga Ramadhani apange tarehe nyingine, kwa kuwa kipimo hakikamiliki bila kunywa.

Uliza kabla ya kulipa

Si kila hospitali ina mashine hii, na wengine husafiri mbali kuifuata. Kabla ya kutoa fedha, una haki ya kuuliza:

1. Je, hiki ni kipimo cha haidrojeni au cha Helicobacter pylori?
2. Mtatumia glukosi au laktulosi? Je, mashine hupima metheni pia?
3. Naweza kupewa maagizo ya maandalizi kwa maandishi?
4. Nikigundua kwamba nimekosea maandalizi, naweza kubadilishiwa tarehe bila kulipa tena?
5. Nani atanisomea majibu na kunieleza?

Pale maagizo ya kituo yanapotofautiana na haya yetu, fuata ya kituo, na uulize sababu.

Kuyaelewa majibu

Kwa mujibu wa mwongozo wa 2017, haidrojeni ikipanda kwa sehemu 20 au zaidi katika milioni ndani ya dakika 90, kipimo huhesabiwa kuwa kimeonyesha bakteria waliozidi. Metheni ikifika sehemu 10 katika milioni, nayo huhesabiwa kuwa imezidi. Hata hivyo hakuna sukari isiyo na upungufu. Glukosi hufyonzwa mapema, hivyo yaweza kuwakosa bakteria walio mwishoni mwa utumbo mwembamba. Laktulosi haifyonzwi, ikifika haraka katika utumbo mpana, yaweza kuonyesha tatizo lisilokuwapo. Kwa hiyo jibu lisomwe na daktari pamoja na dalili zako, lisisimame peke yake.

Tena, pumzi ya kwanza ikionyesha gesi nyingi kabla hujanywa sukari, mara nyingi ni ishara kwamba chakula cha jana bado kinachachuka. Uliza kama inafaa kuendelea.

Mwenye damu katika choo, homa, kutapika mfululizo au kukonda haraka asisubiri wiki nne. Amwone daktari mara moja. Wengine wote tunawasihi hivi: kama maandalizi yameharibika, sema wazi kabla hujaanza kupuliza. Tarehe ikiahirishwa utapoteza siku, lakini jibu la uongo laweza kukugharimu miezi ya dawa usizozihitaji.