SOMO LA UFUNDI: KUUNGA PEMBE ZA FREMU KUBWA



Kahawa ilianza kupandwa na wakulima Waafrika wa Meru na Embu katika miaka ya 1930, na tangu zamani hizo yajulikana kwamba kahawa iliyooshwa haifai kugusa udongo. Ikigusa huchukua harufu mbaya, na bei hushuka. Kwa hiyo twaianika juu ya vitanda vya wavu wa waya. Lakini kitanda ni fremu, na fremu ni pembe zake nne. Pembe moja ikiachia, wavu hulegea na kahawa humwagika chini. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kosa liko wapi? Wengi huunga fremu ya meta 2 juu ya meza ndogo. Ncha zaning'inia hewani, na uzito wake huifungua pembe kabla gundi haijashika. Mimi mwenyewe niliharibu fremu yangu ya kwanza kwa njia hiyo. Asubuhi niliikuta imepindika kama jani kavu. Basi, fuata hatua hizi.

1. Mbao. Twaa mbao kavu za mgrivea, mti ule ambao Wameru huuita mukima: mbili za meta 2 na mbili za meta 1, zenye upana wa sentimita 10 na unene wa sentimita 5. Mbao mbichi hunywea baadaye, na kiungo hufunguka.

2. Kiungo. Katika kila ncha pima sentimita 10, kisha ukate nusu ya unene, yaani sentimita 2 na nusu, kwa msumeno na patasi. Ncha moja italala juu ya nyingine bila kuacha kinundu.

3. Tegemeo. Hili ndilo jambo kubwa. Weka farasi wawili wa seremala wenye kimo kimoja, na juu yao mihimili miwili iliyonyooka, mirefu kuliko fremu. Kama huna farasi, pigilia ardhini vigingi sita: vinne chini ya pembe, na viwili katikati ya mbao ndefu. Sawazisha vichwa vyake kwa pimamaji. Kisha iname, fumba jicho moja, utazame mbao mbili zinazokabiliana: zikionekana sambamba, tegemeo ni sawa.

4. Gundi. Chagua gundi isiyoharibiwa na maji, maana kitanda hukaa nje. Tandika karatasi ya gazeti kuukuu chini ya kila pembe, fremu isije ikagandamana na tegemeo.

5. Kubana. Kama huna klampu, zungusha kamba imara kuizunguka fremu, tia kijiti, ukipinde mpaka kamba ikaze. Weka kibao laini kwenye kila pembe, kamba isiikate mbao.

6. Kupima. Kabla gundi haijashika, pima kutoka pembe hadi pembe kwa mshazari, mara mbili. Vipimo viwili vikilingana, pembe zote za fremu ni pembemraba. Kwa fremu yetu kila kimoja ni kama sentimita 223 na nusu. Kimoja kikizidi, sukuma polepole pembe za upande ule mrefu, upime tena.

7. Kungoja. Iache palepale hadi kesho yake. Usiinyanyue ili kuitazama! Kisha pigilia kibao cha pembe tatu katika kila pembe, ndipo utie wavu.

Njia hii yafaa pia kwa fremu ya dirisha, ya mlango, au ya picha kubwa ya ukutani.

Maswali ya kujipima:
(a) Kwa nini meza ndogo haifai?
(b) Utajuaje kwamba pembe za fremu ni pembemraba?
(c) Kamba na kijiti hufanya kazi gani?

Ukiweza kumweleza jirani yako majibu haya bila kutazama gazeti, umeshika somo. Sasa nenda ukatazame vitanda vyako kabla ya mavuno.