Mkataba Kabla ya Harusi

Kamati ya harusi hukaa vikao chungu nzima kupanga ukumbi, keki na magari. Suala la mali halipati hata kikao kimoja, kwa kuwa wengi huona kulitaja ni kuitabiria ndoa talaka. Sheria ya Mali ya Ndoa ya Kenya ya 2013 haioni hivyo. Kifungu cha 6(3) kinawaruhusu wachumba kuandikiana, kabla ya kuoana, mkataba wa haki zao za mali.

Wasioandikiana hugawiwa mali ya ndoa, wakiachana, kulingana na mchango wa kila mmoja. Mchango si fedha tu: kulea watoto, kazi za nyumbani, kulima shamba na kusimamia biashara ya familia vyote vimo. Ugumu uko kwenye ushahidi. Januari 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba usawa wa wanandoa haumaanishi nusu kwa nusu moja kwa moja. Anayedai lazima aoneshe alichochangia. Nani basi huweka risiti za kupika, kufua na kukesha na mtoto mgonjwa?

Kwa hiyo mkataba huu si wa matajiri peke yao. Anayeuhitaji zaidi ni yule ambaye jina lake halitaandikwa kwenye hati ya ardhi. Tuseme mwanamke wa Nakuru ana duka la nguo, na mchumba wake ana ploti anayoilipia mkopo wa sacco. Wanaweza kukubaliana kwamba duka libaki la mwanamke, na nyumba itakayojengwa iwe ya wote wawili, hata akiacha biashara alee watoto.

Saini hata hivyo haimalizi mambo. Korti inaweza kuutengua mkataba wenye udanganyifu, shuruti au dhuluma iliyo dhahiri. Karatasi inayoletwa usiku wa kuamkia harusi, wageni wamekwisha kufika, ni rahisi kupingwa. Heri kila mmoja awe na wakili wake, ataje mali na madeni yake yote, na watie saini mapema mbele ya mashahidi.

Waliokwisha kuoana wana kifungu cha 17: mume au mke anaweza kuiomba korti itamke haki yake katika mali inayobishaniwa, hata kama hakuna kesi ya talaka.