Picha Ilirudi, Fremu Haikurudi



Muhula uliopita Mwalimu wetu wa fasihi alitutaka sisi wa Kidato cha Tano tutunge hadithi ya upelelezi ambayo ndani yake mna mahakama, siasa, na picha iliyoibwa. Mimi nilijaza kurasa kumi na mbili. Mlikuwamo bastola, motokaa mbili za kukimbizana, na mwizi aliyekamatwa katika ukurasa wa mwisho. Nilitazamia sifa. Daftari likarudi na maneno machache ya wino mwekundu: "Aliyeichukua nimemwona. Lakini je, aliiba?"

Nilidhani ananifanyia mzaha, nikamwendea. Akaniketisha, akanisimulia kesi ya kweli, nami nimeona heri niiandike hapa kwa faida ya wenzangu wapendao hadithi za Bwana Msa.

Picha yenyewe ni ya Duke of Wellington, jemadari wa Waingereza aliyepigana na Napoleon, nayo ilichorwa na Goya, fundi mkubwa wa Hispania. Mwaka 1961 ilipigwa mnada, na tajiri mmoja wa Marekani akaipata kwa pauni 140,000. Waingereza wakapiga kelele kwamba shujaa wao asitoke nchini. Basi mfuko wa hisani wa Wolfson ukatoa pauni 100,000, Hazina ya Serikali ikaongeza 40,000, na picha ikatundikwa katika National Gallery, London. Haikutimiza wiki tatu ukutani. Tarehe 21 Agosti, 1961, ikatoweka.

Sasa zikaanza kufika barua zisizo na jina. Mwandishi alitaka pauni 140,000, si za kula yeye, bali za kuwalipia maskini leseni ya televisheni. (Uingereza mwenye kutazama televisheni hulipa leseni kila mwaka.) Hapo ndipo siasa ilipo, na wala hapana waziri mwovu kama yule niliyemtunga mimi. Lilikuwa swali la mtu wa kawaida: mbona fedha nyingi hivi zimepatikana kwa ajili ya picha moja, na mzee mpweke anatozwa kwa kutazama televisheni chumbani mwake?

Hakulipwa kitu. Mwaka 1965 gazeti la Daily Mirror likapelekewa risiti ya chumba cha kuwekea mizigo katika stesheni ya reli ya Birmingham. Polisi wakaenda, wakaikuta picha, salama, bila fremu yake. Wiki chache baadaye akaingia polisi, kwa miguu yake mwenyewe, Bwana Kempton Bunton wa Newcastle, umri miaka 61, aliyepata kuwa dereva wa basi. Akasema, ni mimi. Huyu alikwisha fungwa mwaka 1960 kwa kukataa kulipa leseni hiyo hiyo.

Mimi ningeiishia hadithi hapo. Mwalimu akasema hapo ndipo inapoanza.

Kesi ilisikilizwa Old Bailey, Novemba 1965, mbele ya jaji na wananchi kumi na wawili walioapishwa kuamua. Wakili wa mshitakiwa, Jeremy Hutchinson, aliishika sheria ya mwaka 1916. Kwa sheria ile, kuchukua mali ya mtu bila ruhusa hakutoshi kuwa wizi. Lazima mchukuaji awe alinuia, wakati anachukua, kumnyima mwenyewe mali hiyo daima. Bunton alidai kwamba tangu mwanzo alitaka kuirudisha, na picha imerudi! Wale kumi na wawili wakamwona hana hatia ya kuiba picha ya pauni 140,000. Lakini fremu je? Fremu haikurudi, haikuonekana. Kwa fremu hiyo wakamtia hatiani, naye akafungwa miezi mitatu.

Nilipoisimulia bwenini, ugomvi uliendelea hata baada ya kengele ya kulala. Mmoja alisema, ukichukua daftari langu usiku wa kuamkia mtihani ukanirudishia mwezi ujao, mimi nimeibiwa, sheria iseme itakavyo. Mwingine akamjibu kwamba umeonewa, hukuibiwa. Nadhani wa kwanza alikuwa na hoja, na Bunge la Uingereza liliona hivyo pia, kwa maana katika sheria mpya ya wizi ya mwaka 1968 liliweka kifungu cha 11, kwamba kuondoa bila ruhusa kitu kilichowekwa watu wakitazame ni kosa, hata kama ulikusudia kukirudisha. Kifungo chake hufika miaka mitano.

Limebaki fundo moja, nalo ndilo lililoninyima usingizi. Mwaka 2012 yalifunguliwa majalada ya Serikali, ikaonekana kwamba mwaka 1969 mwanawe Bunton, jina lake John, aliwaambia polisi kuwa ni yeye aliyeingia kwa dirisha la choo akaichukua picha. Wakuu waliona ushahidi hautoshi kumshitaki. Baba alifariki mwaka 1976 bila watu kujua. Kwa hiyo yule mzee aliyesimama kizimbani akaulizwa nia yake siku ya kuchukua, huenda hata ukutani hakufika.

Nimeianza hadithi yangu upya. Bastola nimeiondoa, na zile motokaa mbili. Mtu anayekiri namtaja katika ukurasa wa kwanza.