Mafunzo Niliyopata Nilipoacha Spana na Kushika Kalamu

Mimi ni mtoto wa Pepa, kule juu kwenye milima ya Marungu, Kongo, kwenye ng'ombe na baridi. Ujana wangu niliumalizia kwenye hanga za ndege, kisha nikawa mkaguzi wa ubora: leo kiwanda cha unga, kesho karakana ya vipuri. Wewe unayetaka kuifuata njia hii, soma kwanza haya kabla hujanunua koti la ukaguzi. Langu nilinunua kubwa, nikidhani cheo kitaninenepesha.

1. Mikono mfukoni

Kwenye kiwanda cha unga niliona mkanda wa mashine umelegea. Kabla fundi wa pale hajasema neno, nilikuwa nimeshainama, nimeomba spana na kuukaza. Kiongozi wa ukaguzi akaningoja hadi nikajifuta grisi, akauliza: "Sasa, Papa, utaandika nini? Kwamba mkanda uko sawa?"

Ushahidi nilikuwa nimeufuta kwa mkono wangu. Mwongozo wa ukaguzi wa ISO 19011 unataka mkaguzi asiwe na mkono katika kazi anayoikagua, na mtihani wa kifungu hicho nilikuwa nimeufaulu vizuri kabisa! Kilichonishangaza ni jinsi mwili unavyochelewa kujifunza kuliko kichwa. Siku hizi nikiona kitu kimelegea nauliza: nani hukitazama, kila baada ya muda gani, na anaandika wapi? Majibu yakikosekana, mkanda utalegea tena hata ukikazwa na malaika.

2. Usiangalie bei

Nilipokuwa mtoto, Wajerumani wa kampuni ya OTRAG walirusha roketi kutoka uwanda ulio juu ya mto Luvua, kwa ruhusa ya Rais Mobutu. Sisi Pepa hatukuona hata moshi. Ukubwani nikasoma habari zao, nikacheka peke yangu: vali za mafuta ya roketi zilifunguliwa kwa mota za waipa za gari! Mimi niliyelelewa kwenye vipuri vyenye vyeti ningeandika dosari papo hapo. Lakini roketi ya kwanza, tarehe 17 Mei 1977, iliruka.

Kifaa cha bei rahisi si dosari. Dosari ni pale ambapo hakuna anayeweza kukuonyesha kwamba kimejaribiwa kwa kazi kinayopewa.

3. Siku ya wageni

Roketi ya tatu ya OTRAG ilianguka tarehe 5 Juni 1978, Mobutu akitazama. Siku ya mgeni si kipimo cha siku nyingine, kwa hiyo nikikuta sakafu inanukia sabuni na kila mtu amevaa kofia mpya, naomba daftari la zamu ya usiku la mwezi uliopita.

4. Ulichonacho tayari

Usianze kwa unyonge. Kiwango cha AS9100 cha viwanda vya anga ni kile cha ubora cha ISO 9001 pamoja na masharti ya ziada, kwa hiyo aliyetoka huko lugha anaijua. Tena ana tabia ambayo kozi ya siku tano haimpi mtu: kuhesabu. Kwenye hanga, spana moja ikikosekana jioni, ndege haitoki.

Kwenye kiwanda kimoja nilimuuliza mama msimamizi ana visu vingapi vya kukatia magunia. "Saba," akajibu bila kugeuka. Nikamwomba anionyeshe. Akarudi na sita, akaenda moja kwa moja kuzima mashine, wala hakuningoja nifungue kalamu. Kisu kilikuwa mfukoni mwa kijana wa stoo. Kwenye ripoti nilimsifu huyo mama kwa aya nzima, na ofisi ikanirudishia ikisema nimezidisha maneno.